Mtungi wa naitrojeni na kaburi la migombani

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe. Kwenye karatasi za halmashauri naitwa mtaalamu wa uhimilishaji, ila ukifika Kibosho, kwetu mlimani Kilimanjaro, ukaulizia jina hilo watakukodolea macho. Ulizia "yule wa mbegu" uone kama hutaletwa mpaka mlangoni. Miaka ishirini na kitu sasa napanda na kushuka mlima huu kwa pikipiki, nyuma nimefunga mtungi wa alumini wenye naitrojeni ya kimiminika, baridi kali ya kugandisha, na ndani yake imo mirija myembamba kuliko ya kunywea soda, kila mmoja una robo mililita ya mbegu za dume. Baadhi ya madume hao walikwisha kufa zamani. Ndama wao wanazaliwa mpaka leo, na wengine nimewavuta kwa mikono hii mama zao waliposhindwa.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba kugandisha uhai uje kutumika baadaye, kwangu mimi, si mambo ya sinema. Nimesomesha watoto kwa kazi hiyo.

Mei 2023 mdogo wangu alinipigia simu kutoka Phoenix, Arizona. Alienda kusoma, akabaki. Usiku anahudumia wazee majumbani, mchana anaendesha teksi za kuitwa kwa simu. Siku hiyo alikuwa amempeleka abiria Scottsdale, mji uliopakana na Phoenix, na walipopita mbele ya jengo moja la kawaida tu abiria akamwambia kwamba humo ndani kuna watu waliogandishwa, wanangoja kufufuliwa.

"Kaka, wewe naitrojeni unaijua. Hii kitu inawezekana?"

Nilikuwa nimekaa kitandani kwa baba. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mzee alipenda kuisikia sauti ya kitindamimba wake. Baba alikuwa katekista, mwalimu wa dini, wa kigango, kanisa letu dogo la kijiji, kwa miaka thelathini na minane. Nusu ya watu wazima wa kijiji chetu walijifunza kwake sala ya kutubu, wakachapwa kwake pia. Mwaka huo moyo ulikuwa umepanuka, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa, na alilala akiwa ameketi, ameegemea mito mitatu. Akanyoosha kidole kwenye simu: ongea naye, nisikie.

Mdogo wangu akaeleza alichokisoma. Taasisi yenyewe inaitwa Alcor. Ilianzishwa California mwaka 1972, ikahamia Scottsdale mwaka 1994. Daktari akishatia saini kwamba umekufa, watu wao wanaanza kazi papo hapo: wanaupoza mwili kwa barafu, wanatoa damu, wanaingiza kemikali za kuzuia maji ya mwilini yasigande, halafu wanakushusha taratibu mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuanzia hapo hawakuiti marehemu, wanakuita mgonjwa. Wamo zaidi ya 200. Mwili mzima unaanzia kama dola 200,000. Kichwa peke yake, 80,000. Wengi wanalipia kwa bima ya maisha.

"Kichwa tupu?" mama akauliza kutoka jikoni. "Na chakula kitashukia wapi?"

"Wanasimamishwaje?" baba naye akauliza.

"Kichwa chini, miguu juu, baba. Ikitokea naitrojeni ikapungua, kichwa kiwe cha mwisho kuyeyuka."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Kama popo." Kisha akanigeukia. "Haya, mwenye mtungi. Mjibu mwenzako."

Nikamjibu hivi, na mpaka leo sioni cha kubadilisha. Mwili ni maji, na maji yakiganda ovyo yanajenga vijiwe vya barafu vinavyopasua seli kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Mbegu za dume zinavumilia kwa sababu ni ndogo mno na tunazichanganya na kiini cha yai na gliseroli. Kwamba gliseroli inazilinda mbegu zisiuawe na baridi, hilo liligunduliwa Mill Hill, London, mwaka 1949, na Christopher Polge na wenzake wakihangaika na mbegu za jogoo, tena kwa bahati ya chupa iliyobandikwa lebo isiyo yake. Tangu hapo mambo yamekwenda mbali. Mwaka 2019 watu wa Chuo Kikuu cha Sydney walitangaza wana-kondoo waliotokana na mbegu zilizogandishwa mwaka 1968. Miaka hamsini ndani ya baridi, halafu mwana-kondoo anaruka!

Lakini hata siku tunayoiita nzuri, karibu nusu ya mbegu zinakufa katika kugandishwa na kuyeyushwa. Hakuna anayewalilia, kwa sababu zimo mamilioni na inayotakiwa ni moja. Ubongo wa mtu haumo katika hesabu hiyo. Ukipoteza nusu, ni nusu ipi? Ile inayojua Kanuni ya Imani, au ile inayowajua watoto wake?

Mdogo wangu hakukata tamaa. Mwezi uliofuata akatutumia habari kwamba watafiti wa Minnesota, huko huko Marekani, wamechukua figo ya panya, wakaigandisha kwa njia ya kuifanya kama kioo badala ya barafu, ikakaa siku mpaka 100, wakaipasha moto kwa chembe ndogo za chuma zilizoingizwa kwenye mishipa, wakampandikizia panya mwingine, ikafanya kazi. Hiyo habari ni ya kweli, na mimi niliisoma nikaiheshimu. Mtu mwenye figo mbovu anaweza kuja kupona kwa ajili ya panya yule. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama panya mwenye figo alikuwa bado hai. Tulipomwambia kwamba anayetoa figo hafi kidogo, anakufa kabisa, akasema, "Ahaa."

*

Kuna jambo sikumwambia mdogo wangu siku ile, kwa aibu.

Mtungi mdogo wa kubebea, wa lita tatu, ukiutunza unashika kama wiki tatu. Kujua naitrojeni iliyobaki, unazamisha rula ya mbao, unahesabu kumi, unaitoa na kuipunga hewani. Pale ukungu mweupe unapoganda kwenye mbao ndipo kimiminika kilipoishia. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Mwaka 2012 nilikwenda Rombo kwenye harusi ya rafiki, harusi ikageuka msiba kwa mambo ambayo si ya leo, nikakaa siku nilizokaa. Niliporudi, rula ilitoka kavu. Nikainamisha mtungi, nikasikia kama kuna baridi chini. Nikajidanganya kwamba mabaki yalikuwapo. Nikaenda Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, nikajaza upya, sikumwambia mtu.

Mbegu iliyokufa haina alama. Mrija ni uleule, rangi ileile, namba ya dume inasomeka vizuri. Unauchovya kwenye maji ya uvuguvugu nusu dakika, unaufuta, unaupachika kwenye bomba, unapandisha. Mwenye ng'ombe anakulipa, anakushukuru, anakukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi. Ni siku ya ishirini na moja ndipo simu zinaanza: amerudi. Ng'ombe amerudi kwenye joto. Mmoja, wa pili, wa tano. Walirudi kumi na mmoja. Bibi mmoja mjane, ambaye maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa ada ya mjukuu wake, alinitazama kwa utulivu, akasema, "Mwanangu, ulinipandia maji."

Niliwapandishia wote upya bure. Lakini somo halikuwa la pesa. Nilielewa kwamba baridi haitunzi kitu chochote. Anayetunza ni mtu anayejaza baridi. Akisafiri, akilewa, akifiwa, akifilisika, kilichomo ndani kinakufa bila sauti, na mtungi kwa nje unang'aa vilevile.

Kwa hiyo baadaye niliposoma habari za Chatsworth, California, niliisoma nikijua mwisho wake. Mwanzoni mwa safari hii ya kugandisha watu, chama kimoja cha huko kiliweka miili kwenye chumba cha chini ya ardhi ndani ya makaburi. Fedha za familia zikakauka, pampu zikachoka, na mwaka 1979 ikagundulika kwamba wale wote waliokuwa wakingoja karne ijayo walikwisha kuyeyuka zamani. Mahakama ikaingia. Aliyesalimika tangu enzi hizo ni James Bedford, profesa wa saikolojia aliyegandishwa tarehe 12 Januari 1967, na alisalimika kwa sababu ndugu zake hawakumwachia mtu. Walimhamisha huku na huku, na kuna miaka ambayo familia yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimjazia naitrojeni, kwenye ghala la kukodi. Leo yuko Scottsdale. Mimi nikimfikiria Bedford simfikirii yeye. Namfikiria mtoto wake na rula.

Nilipomsimulia baba haya, kosa langu la 2012 nikiwa nimelichomeka humo humo katikati kama mtu anayeungama kwa mwendo kasi, hakunigombeza. Akauliza tu, "Kwa hiyo wanategemea wajukuu wasichoke?"

"Ndiyo."

"Wajukuu!" Akatazama dirishani. Wake walikuwa uani, wanagombania chaja.

*

Ningependa kuandika kwamba mzee aliwadharau watu wa Arizona. Ingekuwa rahisi. Hakuwadharau. Alinishangaza.

Siku moja walikuja wanajumuiya kumwombea, na mmoja, mtu mwema kabisa, akasema ile kauli tunayoisikia kila msiba: mwili huu ni ganda tu, baba, ni nguo, roho ndiyo mtu mwenyewe. Wakaitikia amina. Walipoondoka baba alikuwa amenuna.

"Nguo," akasema. "Nilifundisha miaka yote hiyo ili mtu aje kuniambia mimi ni nguo."

Akaniambia nisali Kanuni ya Imani. Nikaanza, kwa mwendo wa kawaida, na nilipofika mwisho akanisimamisha kwa mkono. Rudia. Nikarudia: ushirika wa watakatifu, maondoleo ya dhambi, ufufuko wa miili, uzima wa milele. Akanisimamisha tena.

"Umeona? Hata wewe. Mnaruka 'ufufuko wa miili' kama dereva wa hiace anavyoruka tuta, mnawahi 'uzima wa milele'. Hawakuandika ufufuko wa roho. Miili." Akapiga goti lake, lile lililovimba. "Hii. Wale wenzetu wa kichwa chini, angalau wanajua kwamba mtu ni mwili wake. Wamekosea mlango, lakini wamekuja kwenye nyumba sahihi."

Nikamwuliza mlango wamekoseaje. Akasema wanamtaka Lazaro. Lazaro alitoka kaburini na mwili uleule, wa kuumwa na kuzeeka, akarudi kwa dada zake, akala, na siku moja akafa tena. "Maskini, alikufa mara mbili. Na matanga ya pili hakuna hata aliyeyaandika." Hicho ndicho kikubwa kabisa ambacho mtungi unaweza kukupa, mtungi ukifanikiwa: nyongeza. Paulo alipowaandikia Wakorintho alizungumza kingine, alizungumza mbegu, na aliyeuliza maswali ya kijanja kuhusu mwili gani utakaofufuka alimwita mpumbavu waziwazi. Mbegu inafukiwa, inaoza, na kinachotoka si ile punje iliyooshwa.

"Sasa mbegu zako wewe," baba akasema, akifurahia alipofika, "hazifi. Ndiyo maana zinabaki mbegu."

Swali la watoto wa mafundisho alilipenda kuliko yote, nalo lilikuja kila mwaka: aliyeliwa na mamba atafufukaje? Mtakatifu Augustino alihangaika na swali hilohilo, tena zito zaidi, mtu aliyeliwa na mtu mwenzake. Nyama ile itakuwa ya nani siku ya mwisho? Augustino ana majibu marefu. Baba alikuwa na jibu fupi: aliyemfinyanga Adamu hakuomba akopeshwe udongo.

*

Hayo yalikuwa ya mchana. Usiku baba alikuwa mtu mwingine.

Julai kule kwetu ni baridi ya kuingia mifupani, ukungu unashuka mpaka kwenye kizingiti. Tulipeana zamu ya kulala naye. Usiku mmoja, kama saa tisa, niliamka nikamkuta ananitazama.

"Taa usizime."

"Haijazimwa, baba."

Kimya. Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye migomba.

"Unadhani ni kweli?"

Nilijua anauliza nini. Nikajifanya sijui. "Nini, baba?"

"Kufufuka."

Nikasema lile ambalo kila mtoto angelisema, "Si wewe ndiye uliyetufundisha?"

"Nilifundisha. Sasa nakuuliza wewe."

Nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi na wakubwa wa wizara, wala sikuwahi kukauka mdomo namna ile. Mtu aliyenibatizisha, aliyenichapa kwa kukosa misa, ameketi juu ya mito mitatu anamwuliza mpandisha ng'ombe kama ni kweli. Nikasema, "Naamini, baba." Sauti ilitoka nyembamba.

"Umetetemeka," akasema.

"Na wewe ulivyouliza ulitetemeka."

Akacheka kidogo, kicheko bila pumzi. Kisha akasema neno moja kwa Kichagga, lugha ambayo na sisi watoto aliitumia kwa mambo ya ndani tu. Alisema anaogopa. Nikamshika mkono. Hatukusali. Watu wanaposimulia vifo vya watumishi wa Mungu huwa wanaweka sala hapo. Sisi tulikaa tu mpaka jogoo wa jirani, yule mjinga anayewika saa kumi, akawika, na baba akasema kwamba jogoo huyo angekuwa wake angelikwisha kuliwa.

Asubuhi alimwita padre, akapokea mpako wa wagonjwa, akala uji. Alifariki katikati ya Agosti, mchana, mama akiwa anamkata kucha.

*

Tulimweka chumba cha maiti siku nane, tukimngoja mdogo wangu. Kwetu hakuna ajabu katika hilo. Watu wa Kilimanjaro tunasafirishwa kutoka Mwanza, kutoka Dar, kutoka ng'ambo, kuja kuzikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo. Siku ya sita nilikwenda kulipia siku zilizoongezeka. Nikiwa dirishani umeme ukakatika. Kuna zile sekunde kati ya umeme kuondoka na jenereta kushika. Nikajikuta nahesabu, moja, mbili, tatu, kama ninavyohesabu na rula kwenye mtungi. Nilifika kumi na saba. Jenereta likashika. Mhudumu akanirudishia chenji akaniuliza, "Mzee wangu, uko sawa?"

Sikuwa sawa. Nilikuwa nimegundua kwamba siku zote sita nilikuwa nikimtunza baba asiharibike, na kwamba kama mtu angetokea pale dirishani akaniambia ipo njia ya kuendelea hivi, mwaka, miaka mitano, ukiwa na hela tu, ningeuza ng'ombe. Ningeuza na pikipiki. Nilimwelewa mtoto wa Bedford kuliko nilivyowaelewa wachungaji wote wa redioni.

Mdogo wangu alitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku. Kesho yake tulizika, chini ya migomba, karibu na mama yake baba. Udongo wetu ni mweusi, umejaa mizizi. Wachimbaji walikuwa wakikata mizizi kwa panga na kuitupia pembeni, na kila kipande kinatoa maji. Kichwani tukapanda masale, jani letu la mipaka na la kuomba radhi. Na hapo hapo, mbele ya jeneza, msemaji mmoja akashika kipaza sauti akasema: wapendwa, hili ni ganda tu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yangu, macho mekundu. Akaninong'oneza bila kugeuka, "Kaka, nimesafiri zaidi ya saa thelathini kuja kuona ganda?"

Nikaona baba angelicheka. Au angelinuna.

*

Baada ya arobaini nilikuwa silali vizuri, nikawa nasoma kwenye simu mpaka chaji iishe. Nikasoma habari za Bryan Johnson, tajiri wa California anayetumia kama dola milioni 2 kwa mwaka asizeeke. Mwaka huohuo wa 2023 alijaribu kuingiziwa utegili, yaani yale maji ya damu, wa mwanawe wa miaka 17, akapima, akaona hauna faida kwake, akaacha. Sina ugomvi naye. Ni mwili wake na ni hela zake, na alitangaza hadharani kwamba haikufaa, jambo ambalo waganga wetu wa mabango hawalifanyi. Ila mtoto kumtolea baba damu ili baba asizeeke, hilo nililitafuna muda mrefu.

Usiku mwingine nikakutana na mtu aliyenitikisa zaidi ya wote hao. Nikolai Fedorov, Mrusi, Mkristo wa Orthodoksi, mkutubi kwenye jumba la makumbusho la Rumyantsev, Moscow. Alilala juu ya sanduku, mshahara akiwagawia maskini, akafa mwaka 1903. Huyu alifundisha kwamba kufufua wafu ni kazi ya binadamu, tuifanye kwa sayansi, kwa amri ya Mungu. Wala si kujigandisha wewe mwenyewe uliye hai na mwenye hela. Ni wana kuwafufua baba zao, na baba zao kuwafufua baba zao, mpaka wa kwanza. Mavumbi yaliyotawanyika yatafutwe, hata angani. Kijana mmoja aliyekuwa akija kujisomea kwenye maktaba aliyofanyia kazi alikuwa Konstantin Tsiolkovsky, yule ambaye baadaye hesabu zake ziliwafungulia watu njia ya roketi.

Nilikaa na Fedorov wiki nzima. Wana wana deni kwa baba zao: sentensi hiyo Mchagga yeyote anaielewa bila mkalimani. Wazee wetu wa zamani walirudi kwenye kaburi baada ya muda, wakatoa mifupa, wakaitunza migombani chini ya masale. Nami nilitaka sana Fedorov awe sahihi, kwa kuwa ingenipa kazi ya kufanya. Msiba unakuondolea kazi. Kwa miezi mitatu nilikuwa nampa dawa saa mbili, saa nane, saa mbili. Halafu ghafla, hakuna. Ndipo nikaona kinachonisumbua katika imani ya baba si kwamba ni ngumu kusadiki, maana mimi kila siku natoa uhai kwenye baridi ya nyuzi 196. Ni kwamba hainipi zamu. Baba yuko pale chini, anaoza, na mizizi ya migomba imekwisha kumfikia, na hakuna mtungi wa kujaza. Anayesubiriwa si mimi.

Sijui kama nimelizoea hilo. Kuna siku nalizoea.

*

Mwaka ulipotimia, Agosti 2024, tulikuwa uani baada ya misa, tunakula. Mdogo wangu akatuma kitu kwenye kundi la familia, akaandika: mpeni mama asikilize. Nikabonyeza.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema baba.

"Milele na milele, amina," mama akajibu palepale, sahani mkononi, kabla akili haijafika.

Uwanja mzima ukanyamaza. Sauti ikaendelea: mama fulani, msilie, nipo salama, pendaneni. Ilikuwa ni yeye. Mkwaruzo uleule, namna ileile ya kuvuta neno la mwisho. Mdogo wangu alikuwa amekusanya ujumbe wa sauti wote ambao mzee alimtumia kwa miaka, akaulisha kwenye programu ya kuiga sauti. Shangazi akaanza kulia. Mtoto mmoja akauliza babu anapiga simu kutoka wapi.

Mama akaomba arudishiwe tena mwanzo. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza redio yenye betri dhaifu. Kisha akaniambia nimpigie mdogo wangu.

"Mwanangu, ahsante. Lakini huyu hakohoi."

"Mama?"

"Baba yenu hakuwahi kunisalimia bila kukohoa kwanza. Miaka arobaini na sita. Huyu kaanza tu kusema." Akapanguza mkono kwenye khanga. "Mwenyewe akija nitamjua kwa kikohozi."

Kama miili iliyofufuka inakohoa, siwezi kukuambia. Ni swali ambalo baba angelilikamata kwa mikono miwili. Ila alimfundisha kila mtoto wa kigango kile kwamba Tomaso alionyeshwa makovu.

Mdogo wangu hakuifuta ile sauti. Anasema huwa anaisikiliza akiwa kwenye foleni. Majuzi alinipigia akiwa amepaki mbele ya lile jengo la Scottsdale, amemshusha abiria jirani. Akasema nje kuna joto la nyuzi 43, lami inanata, na hakuna mtu anayeingia wala kutoka. "Kimya tu, kaka. Kama kigango siku ya Jumatatu." Akauliza kama masale yameshika. Nikamwambia yameshika, yamefika kiunoni, mama ameshayapunguza mara moja.

Simu ya pili ikaingia juu ya ile. Alikuwa jirani wa kule juu: ng'ombe yuko kwenye joto tangu alfajiri, wahi jioni hii. Nikamwambia mdogo wangu nitampigia. Nikafungua mtungi, nikazamisha rula, nikahesabu kumi, nikaitoa na kuipunga. Sentimita kumi na mbili. Zinatosha mpaka Alhamisi.